Kompyuta Inayosema Kiswahili: Isimu na Uhamasishaji wa Teknolojia Fikivu kwa Wasioona katika Kanda ya Kati ya Tanzania

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mtumiaji asiyeona anavyoitumia kompyuta kwa msaada wa sauti, na yanachunguza matatizo ya kiisimu yanayojitokeza sauti hiyo inapolazimika kusoma Kiswahili. Mifano mingi imetolewa Dodoma na maeneo jirani, ambako elimu rasmi ya wasioona ilianzia nchini. Inadaiwa kuwa juhudi za kuielimisha jamii kuhusu teknolojia hii zimeelekezwa zaidi kwenye vifaa kuliko lugha, ilhali kifaa kisichoitamka lugha ya mtumiaji wake ipasavyo hakijamfikia. Inapendekezwa kuwa wanaisimu, walimu na waandishi wa nyaraka za Kiswahili wahesabiwe kuwa wahusika wakuu wa uhamasishaji huo.

1.0 Utangulizi

Mwaka 1950 Kanisa la Anglikana lilifungua shule ya wasioona huko Buigiri, mashariki ya mji wa Dodoma. Hiyo ndiyo shule ya kwanza ya aina yake kuanzishwa katika Tanganyika. Haikuwa ajabu kwamba ilianzia Kanda ya Kati. Hili ni eneo la mvua haba, vumbi jingi na maji ya kuchotwa mbali, na hali hizo ndizo zinazoupa nafasi ugonjwa wa trakoma, ambao wengi huuita vikope. Wilaya ya Kongwa imejulikana kimataifa kwa sababu ya tafiti za ugonjwa huo, ukiwamo ule uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu faida ya kuosha nyuso za watoto. Mbali na waliopoteza uwezo wa kuona kwa maradhi, wamo pia wanafunzi wenye ualbino, ambao wengi wao huona lakini kwa shida.

Mazingira ya elimu na kazi katika eneo hilo yamebadilika sana tangu wakati huo. Dodoma iliamuliwa kuwa makao makuu ya nchi mwaka 1973, na uamuzi huo ukatungiwa sheria mwaka 2018. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007. Mtoto asiyeona anayeanzia Buigiri anaweza kuendelea na masomo ya sekondari Mpwapwa, kisha akaingia chuo kikuu bila ya kutoka nje ya mkoa. Hata hivyo, kila hatua ya safari hiyo sasa hupitia kwenye kompyuta. Maombi ya mikopo ya elimu ya juu na maombi ya ajira serikalini hufanywa kwa njia ya mtandao. Asiyeweza kuisoma skrini hulazimika kumpa mtu mwingine nywila yake, vyeti vyake na siri zake.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba swali la kama asiyeona anaweza kutumia kompyuta limekwisha kujibiwa, na jibu ni ndiyo. Swali lililobaki ni la lugha: kompyuta hiyo inamsomea nini, na kwa matamshi ya nani? Sehemu ya pili inaeleza kwa ufupi historia ya vifaa. Sehemu ya tatu inafafanua utendaji wake. Sehemu ya nne inachambua matatizo ya Kiswahili, ya tano inajadili uhamasishaji wenyewe, na ya sita inagusia istilahi.

2.0 Kutoka Nukta Nundu hadi Sauti

Msingi wa kisomo cha wasioona ni maandishi ya nukta nundu, yaliyobuniwa na Louis Braille wa Ufaransa na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1829. Kila alama huundwa kwa nukta zisizozidi sita, na mpangilio wake hutoa alama 63. Mashine ya Perkins, iliyoanza kutengenezwa Marekani mwaka 1951, ilirahisisha uandishi wake na bado inatumika mashuleni. Pamoja na ubora wake, mfumo huu una kasoro mbili. Kwanza, vitabu vyake ni vikubwa na vizito, hata kitabu kimoja cha kiada huweza kugeuka majuzuu kadhaa. Pili, wanaoona kwa kawaida hawawezi kuusoma.

Kwa sababu hiyo ya pili, wanafunzi wengi wasioona walifundishwa pia kutumia mashine ya chapa, ili kazi zao zisomwe na walimu wasiojua nukta nundu. Lakini mashine hiyo ilileta kasoro ya kinyume: aliyeandika hakuweza kuyasoma aliyoyaandika. Utepe wa wino ukikauka katikati ya insha, angeendelea kuchapa karatasi tupu bila ya kujua. Umuhimu wa kompyuta unaonekana hapa. Ndicho chombo cha kwanza kinachomwezesha asiyeona na anayeona kuandika na kusoma matini ileile moja, kila mmoja kwa njia yake.

Programu za kusoma skrini zilianza kuenea katika miaka ya 1980. JAWS, iliyoasisiwa na Ted Henter wa Marekani ambaye mwenyewe alipoteza uwezo wa kuona, ilitolewa mwaka 1989. Ilikuwa na sifa nzuri, lakini leseni yake moja ilifikia karibu dola 1,000 za Marekani, kiasi ambacho shule nyingi za Afrika Mashariki zisingekimudu. Mwaka 2006 Michael Curran wa Australia, naye asiyeona, alianza kuunda NVDA, ambayo hutolewa bure. Mwaka 2009 kampuni ya Apple iliweka programu ya VoiceOver katika simu zake, na mwaka huohuo TalkBack ikaanza kupatikana katika simu za Android. Tukio hili la mwisho lina uzito wa pekee kwa Kanda ya Kati, kwani katika vijiji vingi simu ilifika kabla ya kompyuta.

Haifai kudhani kwamba sauti imeifuta nukta nundu. Anayesoma kwa kusikiliza tu hajifunzi tahajia. Mzungumzaji ambaye katika usemi wake hatofautishi *dh* na *z*, au *gh* na *g*, hana njia ya kujua kwa sikio tupu kama neno ni *dhamana* au *zamana*. Nukta nundu humwonyesha herufi, na vipo vifaa vya kuunganishwa na kompyuta ambavyo huinua nukta hizo chini ya vidole vya msomaji. Kwa hiyo njia hizi mbili hazipingani, bali hukamilishana.

3.0 Jinsi Maandishi Yanavyogeuzwa Kuwa Sauti

Programu ya kusoma skrini haisomi picha iliyo kwenye kioo. Huchukua matini iliyohifadhiwa ndani ya kompyuta pamoja na taarifa kuhusu matini hiyo, kama vile kichwa cha habari, kitufe au jedwali. Mtumiaji husogea kwa kubonyeza vibonye, na kila anapofika husomewa. Taarifa hizo zisipokuwapo, hakuna kinachosomwa. Barua iliyopigwa muhuri, ikapigwa picha na kutumwa kwenye mtandao inaweza kuonekana safi kabisa kwa anayeona. Kwa asiyeona, mara nyingi husikika neno moja tu, kwamba hapo pana picha.

Ugeuzaji wa matini kuwa sauti hupitia hatua tatu. Ya kwanza ni kuyakamilisha maandishi: tarakimu, vifupisho na alama hubadilishwa kuwa maneno kamili. Ya pili ni kuzipa herufi matamshi na kuamua mkazo na kiimbo. Ya tatu ni kuyatoa matamshi hayo kama mawimbi ya sauti. Katika hatua ya tatu zipo mbinu kadhaa. Baadhi ya programu huiunda sauti kwa kanuni za kiakustika, nyingine huunganisha vipande vya sauti ya mtu iliyorekodiwa, na za hivi karibuni hujifunza kutokana na rekodi nyingi.

Kiswahili kimeguswa na mbinu zote tatu. Programu ya eSpeak ilianzishwa na Jonathan Duddington wa Uingereza mwaka 1995, ikaendelezwa kuanzia mwaka 2015 kwa jina la eSpeak NG, na ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Sauti yake ni ya mashine, lakini ni nyepesi, haihitaji mtandao, na huja pamoja na NVDA. Mwaka 2005 kundi la wataalamu akiwamo Mucemi Gakuru wa Chuo Kikuu cha Nairobi liliwasilisha huko Lisbon mfumo wa kutamka Kiswahili uliojengwa juu ya programu ya Festival ya Chuo Kikuu cha Edinburgh. Baadaye kampuni ya Microsoft ilitoa sauti za Kiswahili cha Tanzania, zilizopewa majina ya Rehema na Daudi, na za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki. Sauti hizi zinakaribia sana za binadamu, ila hutegemea mtandao, na mahali pasipo na mtandao wa uhakika hazina msaada.

4.0 Kiswahili katika Kinywa cha Kompyuta

4.1 Matini ya Kiswahili kwa Sauti ya Kiingereza

Kompyuta nyingi zinazoingia nchini zimewekewa Kiingereza kama lugha ya awali. Mtumiaji asiyejua kwamba sauti inaweza kubadilishwa huisikia matini ya Kiswahili ikisomwa kwa kanuni za Kiingereza. Athari yake si lafudhi ya kigeni tu. Katika Kiingereza, *e* ya mwisho wa neno mara nyingi haitamkwi. Hivyo maneno *wale*, *wake*, *mate* na *pole*, ambayo kila moja lina silabi mbili, hugeuka ya silabi moja. Tuchukue sentensi ifuatayo:

(1) Mwambie asome barua ile.

Katika *asome*, irabu ya mwisho ndiyo inayobeba dhamira tegemezi, yaani ndiyo inayoonyesha kuwa tendo linatakiwa wala halijatendeka. Irabu hiyo ikimezwa, amri, ombi na sharti hupoteza alama yake. Mwanafunzi anayesomewa maelekezo ya mtihani au masharti ya mkataba kwa namna hii hubaki kubahatisha, na wanaomzunguka huweza kudhani kuwa tatizo ni uelewa wake.

Ukurasa wa mtandao unaweza kutangaza lugha yake kwa msimbo, na wa Kiswahili ni *sw*. Tangazo hilo huziwezesha programu nyingi za kusoma skrini kubadili sauti zenyewe, iwapo sauti ya Kiswahili imewekwa. Miongozo ya kimataifa ya ufikivu wa mtandao, iliyotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1999, inataka lugha ya ukurasa itambulike hivyo. Kazi hii huchukua dakika moja, lakini hufanywa tu na anayejua kuwa inahitajika.

4.2 Silabi na Mkazo

Tahajia ya Kiswahili husifiwa kwa kukaribiana na matamshi, na kwa kweli sifa hiyo huirahisishia kompyuta kazi. Yapo, hata hivyo, mambo ambayo tahajia huyaficha:

(2) a. mbuni (mti wa buni)
b. mbuni (ndege)

Katika (2a) *m* ni kiambishi cha ngeli na ni silabi kamili, hivyo neno lina silabi tatu. Katika (2b) *mb* ni sauti moja, na neno lina silabi mbili. Tofauti hiyohiyo imo katika *mtu mbaya* na *nyumba mbaya*, ambamo upatanisho wa ngeli ndio unaoamua idadi ya silabi za kivumishi. Mkazo nao, ingawa kwa kawaida huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, una vighairi. *Barabara* yenye mkazo wa kawaida ni njia, na yenye mkazo katika silabi ya pili kutoka mwanzo ni sawasawa. Msomaji anayeona huyatatua haya kwa muktadha bila ya kujitambua. Mashine lazima iambiwe, na mwenye ujuzi wa kuiambia ni mwanaisimu.

4.3 Tarakimu na Vifupisho

Eneo gumu zaidi ni tarakimu, kwa kuwa baadhi ya namba za Kiswahili hufuata upatanisho wa ngeli:

(3) a. watoto 8 (wanane)
b. vitabu 8 (vinane)
c. miti 8 (minane)
d. nyumba 8 (nane)

Namba 1, 2, 3, 4, 5 na 8 hubadilika, na 6, 7, 9 na 10 hazibadiliki. Kutazama nomino iliyotangulia tu hakutoshi kila mara:

(4) a. walimu 3 wa shule (watatu)
b. walimu wa shule 3 (tatu)

Programu isiyo na kanuni hizi husoma *watoto nane* na *vitabu tatu*. Mtu mzima huisahihisha kichwani mwake. Lakini mtoto wa Buigiri ambaye lugha yake ya kwanza ni Kigogo, na ambaye sehemu kubwa ya usomaji wake itakuwa kupitia sauti hiyo, anaweza kuipokea kama Kiswahili sanifu. Kompyuta hapo imekuwa mwalimu wa lugha, na mwalimu mwenyewe hajui sarufi. Vifupisho kama *S.L.P.*, *Bw.* na *Dkt.* navyo vina taabu yake, kwani nukta iliyo ndani yake huweza kuchukuliwa kuwa mwisho wa sentensi.

4.4 King'ong'o na Majina ya Mahali

Alama ya ritifaa katika *ng'ombe* huandikwa kwa namna mbalimbali kwenye kompyuta: wengine huiandika wima, wengine ikiwa imepinda, na wengine huiacha kabisa. Kwa jicho tofauti ni ndogo. Kwa programu, ritifaa wima na ritifaa iliyopinda ni alama mbili tofauti, na kanuni iliyoandikwa kwa mojawapo huenda isiitambue nyingine, neno likakatwa vipande viwili. Katika nchi ya wafugaji hili si neno la nadra.

Majina ya mahali huongeza ugumu. Kigogo kina ving'ong'o vinavyotamkwa kwa mpumuo, ambavyo huandikwa kwa kuongeza *h*, na vimeingia katika majina rasmi ya kata, kama Ng'hong'onha katika Jiji la Dodoma. Kanuni za Kiswahili peke yake hazitoshi kuyatamka majina haya. Suluhisho lake ni orodha ya matamshi, ambayo programu nyingi za kusoma skrini humruhusu mtumiaji kuiongeza mwenyewe. Kutayarisha orodha ya majina ya kata na vijiji vya Kanda ya Kati ni kazi ambayo mwanafunzi wa shahada ya uzamili anaweza kuifanya kwa ushirikiano na wazungumzaji wa Kigogo, Kirangi na Kinyaturu.

5.0 Uhamasishaji: Nani Aelezwe Nini

Uhamasishaji mara nyingi huchukua sura ya hafla ya kukabidhi vifaa. Hotuba husomwa, picha hupigwa, na kompyuta huwekwa chumbani. Iwapo hakuna aliyefundishwa kubadili sauti, kompyuta hizo hufunikwa vitambaa. Yafaa makundi ya walengwa yatofautishwe.

Kundi la kwanza ni wazazi na jamii kwa jumla. Hawa wanahitaji kujua kwamba jambo hili linawezekana, na ushahidi mzuri ni kumsikia mtumiaji mzoefu akiandika, akisahihisha na kujisomea. Ieleweke kuwa mzoefu huisikiliza sauti kwa kasi ambayo sikio lisilozoea halifuati, hivyo katika maonyesho ipunguzwe, la sivyo wasikilizaji wataiona kelele tu. Redio ni chombo kinachofaa hapa, kwa kuwa teknolojia yenyewe ni ya sauti na inaweza kusikika ilivyo.

Kundi la pili ni walimu. Mwanafunzi wa Tanzania husoma shule ya msingi kwa Kiswahili na sekondari kwa Kiingereza. Kwa hiyo mwanafunzi asiyeona anahitaji sauti mbili, na ustadi wa kuhama kutoka moja hadi nyingine. Mwalimu asiyelijua hili humfundisha kompyuta kwa Kiingereza peke yake, na Kiswahili huonekana kana kwamba si lugha ya teknolojia.

Kundi la tatu, ambalo husahaulika, ni waandishi wa nyaraka: makarani, wahariri, wahadhiri. Tangazo linalosema "bonyeza kitufe chekundu kilicho kulia" halimwambii kitu asiyeona. Linalotaja jina la kitufe humfikia kila mtu. Matini itolewe kama matini na si picha, vichwa vya habari vitambulishwe, na picha ziambatane na maelezo. Haya si mambo ya gharama.

Hoja hizi zisiwasilishwe kama huruma. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu ulipitishwa mwaka 2006 na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ikafuata mwaka 2010. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2020, unalenga kuondoa kizuizi cha hakimiliki katika kutayarisha nakala za vitabu zinazosomeka na wasioona. Mwanafunzi wa Kiswahili asiyeweza kuitafuta maana ya neno katika *Kamusi ya Kiswahili Sanifu* bila ya kusomewa na mwenzake anadai haki ambayo nchi yake imekwisha kuikubali.

Chama cha Wasioona Tanzania kimekuwapo tangu mwaka 1964, na Siku ya Fimbo Nyeupe, tarehe 15 Oktoba, ni fursa iliyozoeleka. Ipo nyingine ambayo haijatumiwa ipasavyo. Tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, ingefaa kuwa pia siku ya kuuliza ni nani ambaye Kiswahili kilichoandikwa bado hakijamfikia.

6.0 Suala la Istilahi

Uhamasishaji hufanywa kwa maneno, na maneno yenyewe hayajatulia. Kompyuta imewahi kuitwa *ngamizi*, na Kenya huitwa pia *tarakilishi*, lakini Tanzania *kompyuta* ndilo lililoshinda. *Kipanya* limekubalika, ingawa asiyeona hana haja nacho, maana kazi yake yote huifanya kwa vibonye. Dhana iliyo muhimu zaidi ndiyo ngeni zaidi: *ufikivu*. Inafaa ielezwe kwa kupitia kitenzi *fikia* na kauli yake ya kutendeka, *fikika*. Kitu fikivu ni kile kinachofikika. Mnyambuliko huu unaeleweka hata kijijini, kwa sababu kisima kisichofikika si msaada hata kikijaa maji.

Kuhusu jina la mtumiaji mwenyewe, *kipofu*, kama *kiziwi* na *kiwete*, lina kiambishi *ki-* ambacho hutumika zaidi kwa vitu na udogo, japokuwa upatanisho wake wa kisarufi hufuata viumbe. *Asiyeona* huanza na mtu anayetenda. Mabadiliko haya ya matumizi yanastahili kuungwa mkono, mradi yasibaki kuwa adabu ya ulimi huku nyaraka zikiendelea kufungwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba vifaa vya kumwezesha asiyeona kutumia kompyuta vipo, na baadhi yake ni vya bure. Yameonyesha pia kwamba matatizo yaliyobaki ni ya lugha kwa kiasi kikubwa: sauti isiyobadilishwa, upatanisho wa namba usiozingatiwa, ritifaa isiyo na kawaida moja, majina ya mahali yasiyo na orodha ya matamshi. Haya ni maswali ya fonolojia, mofolojia na tahajia, ambayo idara za Kiswahili zimeyashughulikia kwa miongo mingi kwa madhumuni mengine.

Kazi ya mwanzo inaweza kuanza ndani ya idara zenyewe. Mihadhara, tasnifu na majarida ya Kiswahili yatolewe katika matini inayosomeka kwa sauti, na kabla ya kutolewa yasikilizwe kwa programu ya kusoma skrini, hata kurasa chache tu. Mhariri atakayefanya hivyo atajua ni wapi mwanafunzi asiyeona wa Dodoma huachwa njiani.